Sukari yangu inafuata msimu

Karatasi ya mlo niliyopewa kliniki nimeibandika ukutani jikoni, karibu na mtungi. Ni karatasi nzuri, sina ugomvi nayo. Inasema asubuhi nile nini, saa nne nini, mchana nini, usiku nini, na chini kabisa inanitaka nifanye mazoezi nusu saa kila siku. Ila aliyeiandika hakuwa na shamba la korosho. Kwake yeye Februari na Novemba ni miezi inayofanana. Kwangu mimi, mwalimu wa shule ya msingi hapa Newala mwenye ekari chache za korosho na kipande cha muhogo, mahindi na mbaazi, Februari na Novemba ni maisha mawili tofauti, na sukari yangu imekuwa ikinionyesha hivyo tangu nianze kuiandika kwenye daftari.

Nina kisukari aina ya pili. Natumia vidonge vya metformini, na kwa miaka kadhaa sasa nachoma insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa Mtwara na Lindi ambao mwaka wao unagawanywa na mvua na korosho, maana ushauri mwingi unaosambazwa kwenye simu unazungumzia oti na saladi, na sisi huku tuna makopa ya muhogo, mabibo (yale matunda ya mkorosho) na harusi za Desemba.

Niligundulika kwa sababu ya ndoo. Wanaoijua Newala wanajua tabia ya uwanda wa Makonde: mvua inanyesha, mchanga unaimeza, maji yako chini kabisa mabondeni. Tunategemea maji yanayosukumwa kupanda huku juu, na bomba likikauka tunanunua kwa ndoo. Katika nyumba ya namna hiyo mtu akianza kunywa maji kupita kiasi, wa kwanza kumshtukia ni anayelipia maji. Baba watoto alianza kwa kuwashuku watoto kwamba wanayachezea. Akaamua kuulinda mtungi. Akanikuta mimi, usiku wa manane, nimeshika kata, na nikimaliza hapo naelekea chooni tena. Aliyonitamkia si ya kuandika hapa, ila mwisho wake ulikuwa "kesho hospitali".

Kipimo cha kidole kilisoma 19 na ushee, kwa kipimo cha mmol/L, na namba zangu zote za mashine humu ni za kipimo hicho. Daktari akaeleza kwamba mtu mwenye dalili kama zangu akipimwa saa yoyote na kukutwa na 11.1 au zaidi, hapo hakuna tena kubahatisha. Kiu ile ilitokana na mwili kutoa sukari kupitia mkojo, na sukari haitoki peke yake, inaondoka na maji. Baba watoto alipoelewa hilo aliacha kuhesabu ndoo. Kwa muda.

Sasa nianze na Desemba, maana ndiko mwaka wetu wa jembe unakoanzia. Mvua zikishika tunapanda, na kuanzia Januari mpaka Machi ni palizi. Mimi siku za kazi nashika jembe nikitoka shule, na Jumamosi nashinda shambani. Sitaki mtu aniambie habari za mazoezi ya nusu saa katika miezi hiyo.

Palizi ya kwanza nikiwa kwenye insulini, tulikuwa shambani mimi na wifi yangu. Nilikuwa nimechoma dozi yangu ya asubuhi ileile, nimekula ileile. Jua lilipopanda wifi akaniita: "Mwalimu, hayo unayokata ni mahindi." Nikamjibu kwa ukali kwamba najua ninachofanya. Kwa maelezo yake, maana mimi sikumbuki vizuri, niliendelea na mstari mzima, nikiyaacha magugu na kuyafyeka mahindi, huku nikimfokea. Jasho lilikuwa linanitoka, lakini Februari shambani nani hatoki jasho? Mikono ilikuwa inatetemeka, lakini imeshika jembe tangu asubuhi. Moyo unakwenda mbio, njaa inauma, kichwa kinazunguka: vyote hivyo mkulima yeyote anavyo ifikapo saa tano. Huo ndio ubaya wa sukari kushuka ukiwa na jembe mkononi. Kila dalili ina kisingizio chake.

Wifi hana elimu ya afya. Aliniokoa kwa sababu anajua kwamba mimi si mtu wa kufoka. Alininyang'anya jembe, akaninywesha maji ya sukari, kisha akatoa mashine kwenye mkoba na kunichoma kidole kwa namna ambayo sitaisahau. Ilisoma 2.9, na hapo tayari nilikuwa nimeshakunywa.

Tangu hapo nimejifunza sababu zake, na nimezielewa vizuri kuliko ningezielewa darasani. Misuli inapofanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu hata bila msaada mkubwa wa insulini. Ukiongeza na insulini uliyochoma, ambayo yenyewe haijui kwamba leo uko shambani na si ofisini, zinavuta zote mbili kwa pamoja. Halafu haiishi pale unapoweka jembe chini. Misuli inaendelea kurudisha akiba yake kwa saa nyingi, hata mpaka siku ya pili, ndiyo maana mtu anaweza kurudi salama, akaoga, akala, akalala, kisha saa tisa usiku akaamka nguo zimelowa jasho na ndoto mbaya haijamtoka. Wanaomeza glibenklamidi nao wajihadhari, wazee hasa, kwa sababu dawa ile inaisukuma kongosho kutoa insulini kwa muda mrefu, ule usile, ulime usilime. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kumwangusha mtu namna hiyo.

Nilipopeleka habari ile kliniki, daktari alinipunguzia dozi ya asubuhi kwa siku za shamba, na ya jioni kidogo kwa siku ambazo nimelima kutwa. Sitaji uniti zangu hapa, kwa sababu kuna mtu atazinakili na mwili wake si wangu. Nenda na maelezo yako, upewe zako. Lakini yapo yasiyohitaji cheti cha daktari. Siku ya jembe sichomi pajani wala mkononi, nachoma tumboni, kwa maana kiungo kinachofanya kazi kinaifyonza dawa haraka zaidi. Napima kabla ya kuondoka nyumbani. Nikiwa chini ya 6 hivi, nakula kipande cha muhogo wa kuchemsha kwanza. Na kwenye mkoba kuna chupa ndogo ya sukari, ya mezani kabisa, ile nyeupe. Ikishuka chini ya 4 nakoroga vijiko vitatu vya chai kwenye maji, nakunywa, nakaa chini kivulini, nasubiri dakika kumi na tano, napima tena. Kama bado, narudia. Ikishapanda nakula kitu cha kukaa tumboni. Nusu chupa ya soda ya kawaida inafanya kazi hiyohiyo, lakini soda isiyo na sukari haisaidii chochote hapo. Na korosho pia hazisaidii, ingawa kila mtu shambani kwetu atakupa korosho, maana mafuta yake yanachelewesha.

Miaka hii Ramadhani imeangukia humohumo kwenye palizi. Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi na moja hivi, kwa hiyo tutaiona ikirudi mpaka kwenye kupanda, kisha kwenye mnada wa korosho. Mimi daktari alinishauri nisifunge, kwa insulini hii na kazi hii, na sheikh wetu aliponisikiliza hakusitasita: ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'ani yenyewe, Sura ya Al-Baqara, na mwenye maradhi yasiyotarajiwa kupona analisha maskini kwa kila siku. Kwa hiyo natoa fidia. Kilicho kigumu ni macho ya watu. Mwalimu mwenye ushungi wake kutafuna muhogo saa nne asubuhi, mwezi wa toba! Nimejifunza kula ndani ya stoo ya vitabu. Wapo wenzangu kliniki wa vidonge tu ambao wameruhusiwa kufunga, dawa zikapangwa upya kati ya futari na daku, na wameambiwa wazi: ikifika chini ya 3.9 au juu ya 16.6, fungua, usisubiri adhana. Na kujipima kidole hakufunguzi. Hilo naliandika kwa sababu kuna mama mmoja aliacha kupima mwezi mzima akiogopa tone la damu litamharibia saumu.

Aprili mpaka Juni chakula kinaingia ndani na mwili unapumzika kidogo. Hapa sina mengi ya kusema. Ndiyo miezi yangu mizuri. Mboga zimejaa: kisamvu, majani ya kunde, mlenda, na baadaye mbaazi mbichi. Mbaazi nazipenda kwa moyo wote na zinanipenda pia, maana wanga wake unaingia taratibu. Mlenda hali kadhalika. Ule utelezi watoto wanaouchekea ni nyuzinyuzi zinazopunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu.

Ugali wa muhogo ndio mjadala mkubwa. Kila mgonjwa mpya anaambiwa na majirani aache mahindi ale muhogo, eti muhogo hauna sukari kwa sababu hauna utamu. Unga wa makopa karibu wote ni wanga, na wanga ukishameng'enywa unakuwa sukari. Mashine yangu haioni tofauti kubwa kati ya ugali huu na ule, bali kati ya bonge dogo na bonge kubwa. Nilichofanya ni kukata bonge, na kubadili mpangilio wa kula. Naanza na mboga na samaki, au mbaazi, mpaka nisikie tumbo limepata kitu, ndipo nafika kwenye ugali. Chakula kilekile, sahani ileile, lakini kipimo cha saa mbili baada ya kula kinashuka. Mama mkwe wangu hakupendezwa. Kula mboga bila tonge kwake ni utovu wa adabu. Nimemwonyesha daftari, akaangalia namba, akasema, "Haya, lakini usifanye hivyo mbele ya wageni."

Ming'oko, ile mizizi ya porini, nayo nimeipima, kwa sababu hakuna karatasi ya kliniki inayoitaja. Kiangazi inauzwa barabarani imechemshwa, ina chumvi na pilipili, na ni vigumu kuipita. Vipande vitatu vyembamba, kabla 6.8, baada ya saa mbili 8.9. Nimeridhika nayo. Fungu zima sijalijaribu na sina mpango.

Kiangazi hicho ndicho cha unyago. Ngoma usiku kucha, na sisi mashangazi ndio wachezaji wakuu. Daktari mmoja kijana, si wa huku, aliniuliza kwa nini sukari ya asubuhi fulani mwezi wa saba iko 4.2 wakati wiki nzima ilikuwa 8 na 9. Nikamwambia nilicheza mpaka alfajiri. Alicheka, lakini nikamwomba aandike kwenye faili, na akaandika. Kucheza ngoma usiku mzima ni kazi, na anayecheza baada ya kuchoma dozi ya jioni na kula vijiko viwili vya wali kwa haraka anahitaji kile kichupa cha sukari kwenye pindo la kanga.

Wakati huohuo wanaume wako mashambani wanapuliza salfa kwenye mikorosho, na mimi nakuja kwenye suala la miguu, maana ndipo lilipo. Shamba la korosho ni mahali pa kwenda pekupeku tangu utoto. Lakini kisukari kikikaa muda mrefu kinaua hisia za nyayo polepole, na mwiba unaweza kuingia Jumamosi ukaonekana Alhamisi kwa usaha. Sasa navaa viatu vilivyofunikwa mbele, navikung'uta kabla ya kuvaa, na jioni nageuza nyayo mbele ya kioo. Kazi ya kubangua korosho kwa moto nimewaachia wenye vidole vizima, kwa sababu mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, na hivi vyangu vina kazi nyingine.

Halafu msimu wenyewe.

Kuanzia Septemba, Oktoba, mabibo yanaanguka. Hewa yote ya Newala inanukia mabibo, mengine matamu mengine yanachachuka chini ya miti. Tunaokota, tunanyofoa korosho, mabibo tunayala hapohapo. Yana vitamini C tele, kuliko chungwa, na yana sukari yake pia. Moja sina tatizo nalo. Lakini katika kuokota hakuna anayekula moja, na juisi yake ni hatari zaidi kwa sababu bilauri moja inameza mabibo mengi bila wewe kuhisi.

Hapa kuna jambo ambalo lilinichanganya sana mpaka nilipoelezwa na nesi. Nilikuwa natoka kuokota, nimenyofoa korosho siku nzima, nafika nyumbani nafuta mikono kwenye kanga, napima: 17. Najisikia mzima. Napima kidole kingine: 12. Kingine: 15. Nikadhani mashine imekufa. Nesi akaniuliza swali moja tu, nimenawa na sabuni? Maji ya bibo yaliyokaukia kwenye kidole yana sukari, na tone la damu likipita hapo linaichukua. Nikanawa kwa maji na sabuni, nikakausha, nikapima: 8.1. Kwa mtu wa insulini hiyo si hadithi ya kuchekesha. Kuna anayeongeza dozi kwa ajili ya 17 isiyokuwepo. Na tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, iko katikati kabisa ya msimu. Waliichagua kwa sababu ndiyo siku aliyozaliwa Frederick Banting, mwaka 1891, yule daktari wa Kanada ambaye yeye na Charles Best walifanikiwa kuipata insulini kule Toronto mwaka 1921. Heshima yake ipo, lakini ukitaka kuwapima watu wa Newala tarehe hiyo, beba ndoo ya maji na sabuni kabla ya kubeba mashine.

Mnada ukishafanyika na pesa zikaingia benki, sukari inapata adui mpya. Nyumba ambayo Februari ilikula mara mbili kwa siku, Novemba inachinja. Harusi zinafuatana, za watoto waliosubiri msimu mwaka mzima. Pilau, biriani, na kila mgeni soda mkononi kabla hajaketi. Chupa moja ya soda ina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Ukikataa, unaonekana unadharau. Nimezungumza na akina mama wa kamati za harusi mtaani kwetu, nikawaambia tuko wengi, tuwekeeni maji ya chupa mezani kabla ya soda, na siku hizi wanaweka. Wanaume wa sukari walikuwa wa kwanza kuyachukua, jambo lililonifundisha kwamba walikuwa wanatafuta mlango tu.

Ila wanaume wana mlango mwingine. Mabibo yakikamuliwa na kuchachuka yanakuwa uraka, na uraka ukipikwa unakuwa nipa. Mimi situmii, lakini shemeji yangu anatumia, na yeye pia yuko kwenye sukari. Anajisifu kwamba akinywa, asubuhi sukari inakuwa chini. Ni kweli inakuwa chini, na ndicho kinachotisha. Ini ndilo linalotoa sukari usiku tukiwa tumelala bila kula. Likiwa linashughulika na pombe, linaacha kazi hiyo. Mtu amekunywa bila kula, ana dawa yake mwilini, akianza kuyumba na kuongea ovyo kila mtu anasema amelewa. Anaachwa alale. Nimemwambia shemeji: kama huwezi kuacha, kula kwanza, na mkeo ajue kupima.

Oktoba na Novemba pia ndiyo miezi ya joto kabla ya mvua, na insulini haipendi joto. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa ziwe kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, zisigande. Iliyofunguliwa inavumilia joto la kawaida la chumba kwa takriban wiki nne, lakini chumba chenye bati bila dari saa nane mchana si joto la kawaida. Mimi yangu inayotumika naiweka kwenye chungu kidogo kilicho ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga wenye maji, juu kitambaa kibichi, pembeni pa dirisha la kaskazini. Chupa yenyewe iko ndani ya kopo lenye kifuniko ili isilowe. Maji yanapokauka yanaondoka na joto. Umeme ukikatika, na unakatika, chungu hakijui. Stripu, vile vijiti vya kupimia vinavyoingia kwenye mashine, nazo zikae kwenye kichupa chake, kifungwe kwa nguvu, zisiwekwe jikoni penye mvuke.

Stripu ndizo zinazoniumiza. Bima inanisaidia kwenye dawa, stripu najinunulia, kwa hiyo nazipangia matumizi. Nesi wengine wanasisitiza kupima kila asubuhi. Mimi nilikubaliana na daktari nizitumie kwa jozi: kabla ya chakula fulani na saa mbili baadaye, nipate jibu la chakula hicho, kisha nisikipime tena mpaka msimu ubadilike. Wiki mbili za mwanzo wa kupanda napima sana, wiki mbili za mwanzo wa mabibo hivyohivyo, na siku nisizojisikia vizuri. Katikati napunguza. Lengo nililopewa ni 4 mpaka 7 kabla ya kula na chini ya 10 saa mbili baada ya kula.

Kuna kipimo kingine kinachochukuliwa hospitali, HbA1c, sisi tunakiita cha miezi mitatu. Kinaangalia sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo zinaishi siku 120 hivi, ndiyo maana kinaeleza miezi iliyopita na si jana. Kwa hiyo swali la kuuliza ni: kimechukuliwa lini? Changu cha Januari kilikuwa asilimia 7.9, nikaambiwa nimelegea. Cha Mei kikawa 6.6, nikapigiwa makofi. Lakini ile 6.6 ilikuwa na 2.9 ya mahindi ndani yake, na nyingine za usiku. Ni wastani wa darasa: mmoja amepata mia, mwingine sifuri, mwalimu mkuu anaona hamsini na kufurahi. Ningependelea 7 iliyotulia kuliko 6.6 ya kuanguka shambani, na daktari aliponisikiliza alikubaliana nami.

Ndiyo maana daftari langu nimelipanga kwa kazi, si kwa tarehe peke yake. Pembeni ya kila namba naandika: jembe, shule, ngoma, mabibo, harusi, homa. Malaria au homa yoyote inaipandisha hata kama huli, hiyo nayo iandikwe. Nikifika kliniki sitoi karatasi ya namba tupu, natoa mwaka wangu. Dakika tano za daktari zinatosha kama maelezo yako tayari.

Wapo ambao mpangilio huu hauwafikii. Jirani yangu hana bima. Dawa zikimwishia Juni au Julai anauza korosho kwa kangomba, zikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kusikitisha, na msimu ukifika nusu ya mavuno si yake tena. Kuna miaka anapunguza uniti mwenyewe ili chupa ifike Oktoba. Hapo karatasi ya mlo haina la kusema. Nimeongea na wanachama wenzangu wa AMCOS, chama chetu cha ushirika wa wakulima, tuone kama tunaweza kuweka makato madogo kila kilo wakati wa malipo, pesa zibaki za dawa za wagonjwa wa kudumu kwa miezi ya ukame. Wengine wanasema leo tutawatoa wa sukari, kesho watakuja wa presha. Nami nikasema waje, ni haohao.

Mkutano wa wanachama uko mwezi ujao, kabla ya mnada wa kwanza. Kliniki yangu ni wiki moja baada ya hapo. Safari hii nitauliza kuhusu dozi ya jioni siku za kupanda, na nitakwenda na wifi, kwa sababu mama yake alikuwa na sukari, umri wake umeshapita arobaini, na juzi nimemwona kwenye mtungi zaidi ya ilivyo kawaida yake.